Nakala ya Mwenye Yadi

Kuna watu wanaokwenda kuangalia mpira, halafu kuna Katibu. Katibu wa tawi la mashabiki kazi yake ni kusafirisha watu, na mpira wenyewe akiuona ni bahati yake. Siku za kazi ni karani wa mizani kwenye ghala la saruji, pale ambapo malori hupanda juu ya bamba la chuma yakapimwa kabla ya kutoka. Miaka kumi na miwili ya kazi ile imemharibu kabisa. Haamini kitu mpaka kipimwe. Ukimwambia unakuja sasa hivi, atakuuliza dakika ngapi.

Kila timu yao inapocheza ugenini, Katibu huandika Mwongozo wa Safari. Kurasa mbili, namba moja mpaka namba kumi: basi linaondoka saa ngapi, barabara ipi ina matuta, waegeshe wapi, choo kiko upande gani, mlango wa wageni ni upi, na wakishinda watoke vipi bila kuchokoza watu. Wiki moja kabla ya mechi huenda mwenyewe mpaka huko, akatembea kutoka maegesho hadi mlangoni akihesabu hatua kwa sauti, watoto wakimfuata nyuma wakidhani kapungukiwa. Watu wa tawi humcheka. Wamcheke tu! Kwa miaka tisa tawi lile halijapoteza mtu ugenini, ukiacha yule mpiga tarumbeta aliyeoa hukohuko, na huyo hakupotea, alijipeleka.

Kwa miaka minne sasa namba mbili ya kila mwongozo ni moja tu, haibadiliki: Hakuna kupiga honi, tukishinda wala tukifungwa. Vijana walilalamika mpaka wakachoka. Katibu hakuwahi kuwaeleza sababu, na alikuwa nayo.

Sasa, wiki mbili kabla ya mechi ya marudiano na mahasimu wao wakubwa, ikaja barua kutoka kwa wenyeji. Maegesho ya upande wa kaskazini yamechimbwa kwa ajili ya jukwaa jipya. Magari ya wageni yatafute pa kukaa, na yasikae barabarani. Katibu aliisoma mara tatu. Msimu uliopita tawi jingine liliacha basi barabarani kwa wale jamaa, likarudi nyumbani likipiga mluzi kwa upepo, halina kioo hata kimoja.

Akapiga simu. Shule ya karibu ilikuwa na mitihani. Kituo cha mafuta kilijaa. Mwenye gereji alisema njooni, kisha akauliza ni wa timu gani, kisha simu ikakatika. Siku ya tatu jioni Katibu alikuwa amekaa sebuleni kashika tama, ramani imetandazwa mezani juu ya madaftari ya wanafunzi, na mkewe, ambaye ni mwalimu na kila mtu humwita Mwalimu hata mumewe, akiyavuta madaftari moja moja kutoka chini ya ramani na kuyasahihisha.

"Yadi ya baba ipo," Mwalimu akasema bila kuinua kichwa.

"Ipo wapi?"

"Pale pale ulipoiacha."

Hapo yabidi nieleze, maana wewe hukuwepo.

Zamani Katibu na baba mkwe wake walikuwa watani wa kufa na kupona. Mzee anauza mbao. Yadi yake iko nyuma tu ya uwanja wa wale mahasimu, na timu yao ndiyo timu yake tangu hajaota ndevu. Siku Katibu alipokwenda kuposa, swali la kwanza halikuwa kazi wala ukoo, aliulizwa anashabikia nani. Alipojibu, mzee akashika kichwa akamwita mkewe: "Mama, njoo uone balaa lililoingia humu ndani!" Mama akaja akicheka, akasema kijana wa watu ana adabu, hayo mengine atatibiwa. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Anayefungwa anakwenda kwa mwenzake, anakaa chini, anasimangwa mpaka mshindi achoke. Mzee alikuwa fundi wa masimango, angeweza kumchambua golikipa wako tangu viatu mpaka ukoo wa bibi yake bila kutoa tusi hata moja. Mama ndiye alikuwa mwamuzi. Akiona imezidi husema, "Haya, inatosha, mwacheni mtoto wa watu ale."

Miaka minne iliyopita timu ya Katibu ilishinda pale pale ugenini, mabao matatu kwa moja. Matatu! Katibu akawehuka. Mwalimu alikuwa kwao wiki nzima akimuuguza mama, ambaye walisema anaendelea vizuri, na simu ya Katibu ilikuwa imekwisha chaji tangu mapumziko. Akaongoza msafara wa magari sita, bendera madirishani, mpaka getini kwa mkwewe, akailalia honi. Dakika nzima, nakwambia, kailalia honi huku katoa kichwa dirishani anapiga kelele: "Mzee, toka nje upokee dawa yako!" Geti likafunguka. Nyuma ya mzee, uani, watu walikuwa wanapanga viti, na wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Mama alikuwa amefariki saa moja tu iliyopita. Mzee akamtazama mkwewe, akafunga geti.

Kesho yake Katibu alizika akiwa amesimama nyuma kabisa ya watu, na jioni akaondoka. Hakumpa mzee mkono. Hakumpa pole. Mdomo ulikataa katakata. Alijiambia atampa pole wiki ijayo, kisha mwezi ujao, na pole ikichelewa mwezi inakuwa nzito, ikichelewa mwaka haibebeki. Mzee naye hakupiga simu wala hakumuulizia. Timu ikicheza huko, Katibu aliegesha upande wa kaskazini na kutokea kaskazini, ule mtaa wa mbao hakuukanyaga. Mwalimu alikwenda kwao kila likizo peke yake. Ukimuuliza yeye ni wa timu gani, husema anashabikia sare.

"Siwezi," Katibu akasema sasa.

"Wewe ndiye huwezi. Basi linaweza." Mwalimu akachukua simu, akaiweka spika ili wote wasikie. "Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, wageni wa mechi ya Jumamosi ya wiki ijayo hawana pa kuegesha."

Msumeno ulisikika kwa mbali ukikereza, ukanyamaza.

"Basi lina urefu gani?" mzee akauliza.

Mwalimu akamtazama mumewe. Katibu akainua vidole kumi, kisha viwili.

"Mita kumi na mbili, baba."

"Waje," mzee akasema, na simu ikakatwa.

"Hajaniulizia," Katibu akasema.

"Na wewe hujamsalimia. Hiyo nayo ni sare, ila hii siishabikii." Akarudi kwenye madaftari yake, na Katibu akaona kwamba kalamu nyekundu haiandiki kitu, imesimama tu mahali pamoja. Akamwonea mkewe huruma, akajionea aibu, asijue aanzie wapi.

Ijumaa ya wiki ile alikwenda kupima, kama kawaida yake. Alifika kwenye kona ambapo harufu ya mbao mbichi huanza. Hapo miguu ikamgomea. Alisimama karibu na kibanda cha fundi viatu, akajifanya anasubiri mtu, fundi viatu akamwuliza mara mbili kama ana shida, mwisho akageuza njia akarudi stendi. Na hilo kosa, msomaji wangu, mtu mwingine angelifanya lisingekuwa kosa. Kwa karani wa mizani lilikuwa dhambi: Katibu aliandika namba nne ya mwongozo kwa kukumbuka. Kutoka geti la yadi mpaka mlango wa wageni, hatua mia mbili na kumi. Alikuwa amezihesabu zamani, enzi za uchumba, na akaziandika hivyo hivyo.

Namba saba ndiyo iliyomtoa jasho. Namba saba siku zote ni ya mwenye maegesho: ni nani, ana masharti gani, asalimiwe vipi. Katibu hajawahi kuandika uongo kwenye mwongozo, na watu arobaini na mmoja wangeona kwa macho yao mkwe na mkwe hawasemeshani. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwisho ikasomeka hivi:

7. Mwenye yadi ni baba mkwe wangu. Ni mkarimu, na anatukaribisha ingawa hatudaiani hisani. Msalimieni kwa heshima. Msiimbe ndani ya yadi, msimwonyeshe vidole vya mabao, msikalie mbao zilizorandwa. Mkiona hanisemeshi, msimuulize. Nilimkosea siku ambayo mtu hakosewi, na mpaka leo sijampa pole ya mkewe. Kosa ni langu, yeye hana neno. Mimi nitabaki nje ya geti.

Akakunja karatasi, akampelekea Mama Tiketi, mweka hazina wa tawi, ili atoe nakala. Mama Tiketi ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza, anayeamini kwamba kila jambo lina utaratibu wake. Akazitoa, akazigawa.

Jumamosi saa moja kamili asubuhi basi likaondoka. Dereva wao wanamwita Polepole, na haihitaji maelezo, lori la ng'ombe limewahi kumpita mlimani. Katibu alikaa mbele na orodha yake. Mwalimu alikaa nyuma yake na kikapu cha nguo za babake alizokuwa amezishona vifungo. Watu waliimba, wakachoka, wakalala, wakaamka wakaimba tena. Safari ilikuwa imebakiza nusu saa Katibu alipouliza, kwa ajili tu ya kuweka hesabu sawa:

"Mama Tiketi, ulitoa nakala ngapi?"

"Arobaini na tatu. Arobaini na moja za abiria, moja ya dereva, na ile ya mwenye maegesho."

"Ipi ya mwenye maegesho?"

"We Katibu vipi? Si wewe uliyeweka utaratibu! Mwenye maegesho atumiwe nakala siku tatu kabla, ajue wageni wake wameambiwa nini. Nimempa kijana wa mizigo Jumatano, na mzee mwenyewe amenipigia kusema imefika. Ana sauti nzuri yule baba."

Kweli, utaratibu ulikuwa wa Katibu. Aliuweka mwaka wa kwanza, baada ya mwenye kiwanja mmoja kuwafungulia mbwa kwa kukosa taarifa, na miaka tisa ulikuwa ukienda wenyewe kama saa ya ukutani mpaka akausahau.

"Polepole, simamisha gari," akasema.

"Hapa ni darajani."

"Nishushe tu."

"Kaa chini," Mwalimu akasema nyuma yake, kwa sauti ile anayoitumia darasani. Katibu akakaa.

"Ulijua?" akamwuliza bila kugeuka.

"Nilisoma nakala yangu kama abiria wengine." Kisha akaweka mkono begani kwake, akauacha hapo. "Umeandika vizuri. Ungeniambia mimi miaka minne iliyopita, ningekupeleka kwa miguu."

Basi likaingia mtaa wa mbao saa saba na robo. Katibu akaona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, nguzo moja ya geti ilikuwa imeng'olewa na kusogezwa, udongo bado mbichi, nafasi imepanuliwa ili mita kumi na mbili za basi zikate kona. La pili, mzee. Alikuwa amesimama katikati ya nafasi ile na aproni yake ya kazi, penseli ya fundi nyuma ya sikio, na mkononi karatasi mbili. Amekonda, Katibu akawaza, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Mabega yamepungua.

Katibu akashuka barabarani, kama alivyoandika. Polepole akaingiza basi taratibu kati ya mistari ya chokaa iliyochorwa ardhini. Mbao zote zilikuwa zimehamishiwa ukutani, na pembeni kulikuwa na pipa la maji lenye bomba, sabuni na taulo. Abiria wakateremka kimya kama watu wa maombi. Wote walikuwa wamesoma namba saba. Kila mmoja alimwamkia mzee, na kila mmoja baada ya kumwamkia alijitia kushughulika na kamba za viatu. Mwalimu akamkumbatia babake, akachukua kikapu akaingia ndani.

Mzee akavaa miwani. Akafunua karatasi.

"Nani ameandika haya?"

Abiria wakatazama juu, kana kwamba jibu lingedondoka kutoka huko. Mama Tiketi peke yake alimtazama Katibu, na macho yake yalisema: sema, la sivyo nitasema mimi.

"Ni mimi, baba," Katibu akasema kutoka nje ya geti. "Shikamoo."

"Marahaba." Neno la kwanza kwa miaka minne, na lilitoka kavu kama vumbi la mbao. Mzee hakuinua macho. "Namba moja nimeikubali. Namba mbili nimeikubali. Namba tatu, choo nimekisafisha, kipo pale. Namba nne." Akachukua penseli sikioni. "Namba nne unasema toka hapa mpaka mlango wa wageni ni hatua mia mbili na kumi. Mimi nimetembea juzi. Mia mbili themanini na nane. Ulipima lini?"

"Zamani kidogo, baba."

"Zamani gani?"

"Nilipokuwa nakuja kuposa."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko, kikamtoka kupitia puani, na hapo wote wakaangua. Mama Tiketi aliegemea basi. Mzee hakucheka. Alisubiri watulie, akasema, "Karani wa mizani anaandikia watu kipimo cha kukumbuka. Je, wangekuwa na mgonjwa humu? Je, wangekuwa na mzee wa magongo, akaambiwa ni karibu? Twende ukapime."

Wakaenda. Mzee kulia, Katibu kushoto, katikati yao nafasi ya mtu mmoja, na nyuma yao tawi zima, jezi na skafu na tarumbeta, wakihesabu kwa sauti maana hakuna aliyewaambia wasihesabu. Mia na moja! Mia na mbili! Wenye maduka walitoka kushangaa. Mashabiki wa wenyeji waliokuwa wamejipanga kando na maneno yao tayari mdomoni wakasahau kuzomea, mmoja akauliza hii ni ibada ya dhehebu gani. Mzee akamjibu, "Tunapima, kaa kando." Mlangoni ikawa mia mbili themanini na nne. Mzee akaandika, akapiga mstari chini ya namba.

"Tano na sita ni sawa," akasema. "Namba saba tutaisoma mkitoka."

Akageuka kwenda kwenye mlango wa wenyeji, peke yake. Katibu akabaki pale na tiketi mkononi, roho juu juu.

Kuhusu mechi yenyewe sina mengi. Katibu alikaa dakika tisini akiangalia ng'ambo, jukwaa la wenyeji, akitafuta aproni ya fundi kati ya watu elfu kumi. Timu yake ilifungwa mawili kwa bila. La pili lilimpita golikipa katikati ya miguu, na watu wa tawi wakashika vichwa, na Katibu akamwuliza jirani yake ni nani amefunga na ni upande gani.

Walirudi yadi kwa utaratibu, wakihesabiwa, hakuna aliyepotea. Mzee alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya banda la msumeno, karatasi mapajani. Watu wakasimama kidogo wakisubiri masimango, maana Mwalimu alikuwa amewasimulia sifa za babake tangu asubuhi, na mtu aliyefungwa mawili kwa bila anajua haki yake. Mzee hakumsimanga mtu. Aliwaambia poleni, maji yapo, nawieni mikono. Wakanawa, wakapanda basi mmoja mmoja. Polepole akawasha injini ili ipate moto. Katibu akabaki barabarani, nje ya ile nguzo iliyosogezwa.

"Baba," akasema, "tumefungwa."

"Nimeona."

"Hutuambii kitu?"

"Niwaambie nini?" Mzee akavaa miwani. "Tufike namba saba. Hapa umeandika utabaki nje ya geti."

"Ndiyo, baba."

"Na kweli umebaki." Akaiweka karatasi mapajani. "Siku ile nilisikia honi, nikajua ni wewe. Nikasema afadhali, mwanangu kafika. Nilidhani umepata habari. Nikafungua, nikaona bendera, nikajua hujui kitu. Nikafunga geti kwa sababu watu uani walianza kusimama, wangekusema vibaya. Nikasimama nyuma ya geti nikisubiri ubishe hodi. Nimesimama pale mkono kwenye komeo. Nikasikia gari linarudi nyuma."

Miaka minne Katibu alikuwa amelisikia lile geti likifungwa, kila alipolala na kila alipogonga muhuri hati ya lori, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza kuna nani nyuma yake.

"Nikasema atakuja kesho," mzee akaendelea. "Kesho nilikuona kule nyuma, kwenye mazishi. Nilikuona vizuri sana, wewe ni mrefu. Nikasema atakuja jioni. Mama yenu alikuwa ananibishia kila kitu, chumvi, hali ya hewa, yote, na wewe ulikuwa unanibishia mpira. Siku moja tu, wote wawili mkanyamaza. Yeye namwelewa. Wewe nilikuwa nakusubiri."

"Nilidhani umenifukuza, baba."

"Ningekufukuza ungesikia mtaa mzima."

Basi lilikuwa limejaa nyuso madirishani. Katibu akavuka ile nguzo. Hakuhesabu zilikuwa hatua ngapi. Alifika mbele ya benchi, akapiga goti kwenye vumbi la mbao, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na lile neno aliloliahirisha miaka minne likatoka lenyewe, dogo kama lilivyo kwa kila mtu.

"Pole sana, baba. Pole na msiba wa mama. Na mimi nilimpenda."

Mzee akaweka mkono wa pili juu ya mikono yao. Akafunga macho, machozi yakapita chini ya miwani bila kuzuiwa.

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema. "Asante kwa kuja."

Mwalimu alikuwa mlangoni mwa banda, aproni safi ya babake mkononi. Alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye kizingiti, akalia kwa sauti na hakuona haya. Ndani ya basi Mama Tiketi alikuwa anajipangusa kwa skafu ya timu. Mzee akavuta pumzi ndefu, akamsogezea mkwewe nafasi kwenye benchi, akamgeukia.

"Sasa niambie. Yule golikipa wenu, ana wazazi? Wanajua anafanya kazi gani?"

Polepole, bila kuambiwa na mtu, akazima injini.